Foleni ya Vitabu vya Pili

Anayetaka kufanya kazi yangu aanze kwa kutafuta nyumba yenye milango mipana. Nawaambia mapema, vijana, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Kazi ya mhakiki wa vitabu ukiitazama kwa mbali ni nyepesi: mtu amekaa, amekunja miguu, anasoma, kisha anakwenda redioni kusema ameona nini. Foleni huwa haionekani redioni.

Foleni ndilo jina la rundo langu hapa nyumbani Oli, mjini Arua. Inaanzia nyuma ya mlango wa jikoni, inafuata ukuta wa sebule, inapita chini ya picha ya baba, inaishia kwenye kiti changu cha dirishani. Kitabu kikifika kinakaa nyuma kabisa, jikoni. Kilicho karibu na kiti ndicho kinachosomwa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba ili afike kitandani anahitaji viza. Alisema kwa utani, hadi siku alipojikwaa kwenye kitabu kinene cha majoka akavunjika kidole cha mguu, na tangu hapo utani ukapungua.

Kuna kitabu kimoja kilichoingia jikoni mwaka jana, na nataka kukifikia kabla macho yangu hayajafunga. Daktari amesema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linakwenda pole pole, na dawa ya matone inalichelewesha tu. Nawaandikia haya vipande vipande, jicho likipumzika, kwa hiyo mkiona hadithi inaruka huku na huku mnivumilie.

Huwa mnaniuliza kwa nini nilishika vitabu vya nyota na majoka wakati wenzangu wanahakiki vitabu vya heshima. Sikuchagua. Hapa kwetu vitabu huletwa na watu wa mashirika wanaofanya kazi kwenye makambi ya wakimbizi. Mkataba ukiisha, mtu anafunga mizigo, anapima sanduku, anaona uzito umezidi. Anaacha ndoo, sufuria na vitabu. Na mtu aliyeshinda kutwa akiandikisha familia zilizokimbia vita, jioni hataki tena kusoma habari za dunia hii. Anasoma safari za kwenda kwenye jua jingine, na wafalme wenye pembe. Basi hivyo ndivyo vilivyokuwa vikishuka sokoni Arua kwenye maboksi na kuuzwa kwa mafungu, kama nyanya.

Mshindani wangu mkubwa hakuwa mhakiki mwingine. Alikuwa muuza karanga mmoja wa Adumi, aliyenunua maboksi yale yale ili achane kurasa za kufungia karanga. Alikuwa anafika sokoni kabla yangu, Mungu amsamehe. Kuna wakati nilinunua karanga nisizozitaka, kifuko baada ya kifuko, ili nijue kama malkia wa sayari ya barafu alipona. Alipona. Meno yangu ndiyo hayakupona.

Jambo jingine mlijue. Vitabu vya aina hii huandikwa kwa mfululizo: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kile cha kwanza mwenyewe anakipenda, anaondoka nacho au anampa rafiki. Cha tatu bado anakisoma, anapanda nacho ndege. Kinachobaki Arua ni cha pili. Miaka yangu yote ya kazi nimesoma vitabu vya pili. Nimeingia kwenye vita ambavyo vilishaanza, nimelia msibani kwa watu ambao sikuwahi kuwaona wakiwa hai.

Nawapa ujuzi ambao hamtauona shuleni. Kama jalada limechanika na hujui umeshika cha ngapi, soma ukurasa wa kwanza. Ukikuta mtu tayari ana kovu, na wenzake wote wanaliona na hakuna anayemuuliza alilipataje, hicho ni kitabu cha pili. Usirudi nyuma kutafuta maelezo. Tembea nao kimya kimya kama mtu aliyechelewa kufika kwenye kikao, utawaelewa kidogo kidogo.

Aliyenifundisha kuzungumza juu ya vitabu ni Mwalimu Adriko wa Pajulu, ambaye alikuwa mtunza maktaba ya shule na mkali kwelikweli. Nilimletea uhakiki wangu wa kwanza, nimeandika kwamba kitabu ni kizuri sana, kinasisimua, kila mtu akisome. Aliisukuma ile karatasi kwa kidole kimoja kana kwamba imelowa. Akasema, "Zaitun, usiniambie kitabu ni kizuri. Niambie ni nani anakihitaji." Nilichukia kwa wiki nzima. Kisha nikaanza kufanya hivyo na sijaacha. Kitabu cha joka linalolinda mto nilisema kinahitajiwa na kila mtu anayegombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na watu walikuja kukiazima kutoka mbali.

Redioni nilianza kwa shida. Mkurugenzi wa kituo alitaka kipindi kiwe Kilugbara au Kiingereza. Kiswahili, alisema, watu wakikisikia watadhani ni tangazo la jeshi. Hakukosea sana. Kiswahili cha kwetu sisi Wanubi kilikuja na viatu vya askari, na mpaka leo kuna mzee ambaye ukimsalimia kwa Kiswahili anaangalia kwanza kama umeshika fimbo. Lakini nilimwuliza, Mkakwa wa Koboko, Mlugbara wa hapa, mfanyabiashara kutoka Sudani Kusini na dereva kutoka Kongo, wote wakikutana kwenye gunia la vitunguu wanaongea nini? Akanipa Jumamosi mchana, saa ambayo watu hulala baada ya kula. Niliichukua.

Tatizo likawa maneno. Viumbe wale wembamba wenye masikio marefu wanaoishi msituni, niwaite nani? Niliwaita majini wapole. Kwa mwezi mzima hakuna mtoto wa Oli aliyekubali kutumwa nyumbani kwangu, na jirani yangu akaniuliza kwa adabu kabisa kama wale wa jikoni wanakula chumvi. Nikabadilisha, nikawaita watu wa msitu. Nao watu wa Adumi wakauliza msitu gani, na nani aliwapa ruhusa ya kukata kuni.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa neno wageni.

Kilikuwa kitabu kuhusu watu wanaoshuka kutoka nyota nyingine. Nilitafuta neno la kuwaita, nikaona wageni linatosha, ni neno safi. Nikasema hewani, kwa sauti yangu ya hadithi: wageni wamefika, wametoka mbali mno, kwao kumeungua, wamechoka, hawajui lugha yetu, wanatafuta mahali pa kuweka watoto wao. Nikamaliza, nikavua vile vya masikioni, nikatoka nje. Simu ikalia. Alikuwa Mzee Duku, mzee wa kanisa huko Midia, karibu kabisa na mpaka, na alizungumza kwa upole wa mtu aliyekaa juani muda mrefu.

"Mama, wale wageni umesema, iko wapi? Chakula iko tayari, na watu nangoja."

Nilikaa chini pale pale barazani. Mahali pengine popote duniani, mtu akisikia hadithi ile angejua ni hadithi. Midia watu wamepokea wanaokimbia mara nyingi kiasi kwamba redio ikisema wageni wametoka mbali na kwao kumeungua, hawaulizi nyota gani. Wanafagia darasa la shule na kuweka maji.

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Nilijua nitatukanwa na nilikuwa nimejiandaa. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wameshakula chakula chao wenyewe, ugali wa muhogo na mtama na mboga ya ufuta, wakanicheka mpaka Mzee Duku akajifuta machozi kwa kofia. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwanamke anayeitwa Kiden, Msudani Kusini, anayeuza mitumba sokoni Koboko, na ambaye miaka ya nyuma yeye mwenyewe alivuka mpaka huo kama mgeni. Alikuwa akisugua sufuria. Aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Mama, hao wageni ya kitabu, nani alipikia?"

 Niliporudi Arua nilikisoma kitabu chote upya. Wale watu wa nyota walipotua, dunia iliwapelekea wanajeshi, wataalamu wa lugha, marais na waandishi wa habari. Kurasa zote zile, na hakuna mtu aliyeweka maji motoni. Niliona aibu kwa niaba ya dunia. Jumamosi iliyofuata nilisema hivyo hewani, na kuanzia siku hiyo kila kitabu kilichopita kwenye foleni yangu nilikiuliza swali la Kiden. Mtashangaa vingapi hushindwa.

Kiden akaanza kuazima vitabu kwangu. Alikuwa amesoma shule kwao Yei mpaka vita vilipomtoa, na Kiingereza chake kilikuwa kinatembea kikichechemea lakini kilifika. Kila alipokuja Arua kuchukua mabelo ya nguo alirudisha kimoja, akachukua kingine. Alisoma akiwa amekaa juu ya belo, wateja wakisubiri. Ana kovu refu mkono wa kulia, kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo. Lilikuwa linaonekana kila alipofungua ukurasa. Sikuuliza, naye hakusema.

Miaka ikapita, kaseti zikafa, kipindi kikahamia kwenye simu, wasikilizaji wakaanza kunitumia sauti zao za kunipinga. Vijana mkaanza kuniletea vitabu ndani ya simu. Kwa ajili ya vitabu hivyo nikatafuta maboksi matupu ya sabuni, nikaandika jina la kitabu juu ya boksi na kuliweka jikoni, kwa sababu kitabu kisicho na mwili nacho lazima kisimame foleni. Mlinicheka. Mlicheka pia nilipomkatalia mbunge mmoja aliyetaka kitabu cha shemeji yake kipite mbele. Nilimwonyesha jikoni.

Mwaka wangu wa mwisho redioni, Kiden aliniletea karatasi zilizochapwa kwenye duka la kutoa kopi Koboko, zimetobolewa na kufungwa kwa kamba ya belo. Alikuwa ameziandika kwenye simu, sokoni, mchana baada ya mchana. Juu kabisa aliandika jina la kitabu, na chini yake: Kitabu ya Pili. Niliweka jikoni. Kilipofika kwenye kiti nilikisoma. Watu wa nyota wanatua Midia, na wanakaribishwa, na tayari wanakula. Wanagombana juu ya maji, wanaozana, wanafundishana kulima. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha huku kwetu, na kila neno 'iko' limekaa mahali pake, sikuthubutu kugusa hata moja. Lakini watu wale walitoka wapi, walifukuzwa na nini, nani aliwaona kwanza, hamna. Nilisema hewani kama ninavyosema kwa kila mtu: kitabu hiki kinahitajiwa na kila aliyewahi kuwa mgeni, na hakina mwanzo.

Siku ya pili Kiden alikuwa mlangoni kwangu. Hakukaa.

"Mama, umesema kitabu yangu haina mwanzo."

"Hakina, Kiden. Cha kwanza kiko wapi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua liko wapi. "Ya kwanza si inapoteaga? Hata yako hapa yote ni ya pili."

Nilianza kucheka. Kweli, mimi ndiye niliyemlisha vitabu miaka yote ile, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mwanzo. Alidhani ndivyo vitabu vinavyoandikwa. Alidhani duniani kote kitabu cha kwanza ni kitu ambacho mtu alikuwa nacho zamani. Nikamweleza, nikiwa bado nacheka, kwamba cha kwanza huandikwa kama cha pili, kwamba naye angeweza kukaa na kukiandika.

"Ya kwanza ilibaki Yei," akasema.

Kicheko kikaniishia. Alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, juu ya lile kovu. Nilitaka kumwambia basi, achana nacho, hicho cha pili kinatosha. Ingekuwa huruma, na Mwalimu Adriko angefufuka Pajulu aje kunikemea. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia vitabu vingine vyote vya kwanza ninaweza kuvisubiri kwenye maboksi ya watu wa mashirika, lakini hicho chake hakuna mtu atakayetuletea. Kipo kwake tu.

Akauachia ule mkono. Kisha akauliza, "Nikiandika, utasoma?"

"Nitasoma."

"Kwa foleni. Usinirukishe mbele ya watu. Mimi najua foleni."

Anajua. Amesimama foleni ya maji, ya unga, ya karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni yeye, na kila foleni aliona mwenye ndugu akipitishwa mbele. Nilimpa neno langu.

Halafu nikastaafu, na macho yakaanza. Kiden alirudi kwao Yei kutazama shamba la mama yake. Mwaka jana dereva wa lori aliteremsha bahasha nzito mlangoni kwangu. Kamba ile ile ya belo. Juu: Kitabu ya Kwanza. Nilikibeba mpaka jikoni, nikakiweka nyuma ya mlango, nikaigeukia foleni. Ilikuwa imejaa mpaka kwenye kiti, na chini ya picha ya baba ilikuwa imepanda ukuta.

Binti yangu Rehema aliniambia nikichukue leo leo, Mama, jicho halisubiri. Daktari wa macho alisema vivyo hivyo kwa maneno ya kidaktari. Ninyi pia mmesema. Na siku moja niliogopa kweli, niliamka nikakuta dirisha limepungua upande mmoja, nikaenda jikoni nikakitoa. Nilikishika. Nikasikia sauti yake ikisema asirukishwe, nikakirudisha. Sikupenda kukirudisha. Nilikirudisha nikiwa na hasira, na hasira hiyo nikaipeleka kwenye vitabu vilivyokuwa mbele yake.

Mhakiki ana haki moja: kumsikiliza mtu wa foleni kwa haki, na akiona hana neno, kumwambia asante, nenda nyumbani. Nilianza kuitumia haki hiyo kama sijawahi. Majoka yasiyo na sababu, nenda. Mfalme mwenye pembe ambaye hajui watu wake wanakula nini, asante, nenda. Lakini vyenye neno nilivisoma mpaka mwisho, hata vinene, hata vile vyenye ramani. Nasoma asubuhi tu, kwenye mwanga wa dirisha, kitambaa juu ya jicho la kushoto ili lisinisumbue, rula chini ya mstari, kioo cha kukuzia mkononi. Nikichoka nafumba, naweka matone, nahesabu pumzi, naanza tena. Mnaosema kuzeeka ni kupumzika njoo mnishikie rula.

Wengine mmejitolea kunisomea. Nashukuru, na jicho likifunga nitawaita, tena mje na sauti safi. Lakini mtasoma kwa foleni. Atakayeniletea kitabu cha rafiki yake nitamwonyesha jikoni kama mbunge.

Juzi Kiden alipiga simu kutoka Yei. Mtandao unakatika huko, maneno yanafika nusu nusu. Aliuliza macho. Nikasema yapo. Akauliza nimefika wapi.

"Kimebaki kimoja," nikamwambia.

"Kubwa?"

"Kikubwa. Na ni cha pili."

Nilimsikia akicheka, kisha simu ikakatika.

Leo asubuhi nimekimaliza hicho kimoja. Mji unaoelea angani ulianguka, na dada mtu hakumsamehe kaka yake, na sitajua kamwe walianza kugombania nini. Nimekifunga. Nimenyoosha mkono pembeni ya kiti kama ninavyofanya kila mara, na mkono ukagusa kamba ya belo.

Nimefuta miwani. Nimesogeza kiti karibu zaidi na dirisha. Nimeweka rula chini ya mstari wa kwanza, na mstari huo nawaandikia hapa kama ulivyo, ndipo niendelee na kazi:

"Kabla mutu hata moja hajafika, mama aliweka sufuria kubwa kwa moto."